Mpita Njia wa Barabara ya Haile Selassie



Mada niliyopewa ni pana mno kwa jioni moja: mtu asiye na hatia, haki yake, na uovu wa kumdhuru. Ningeweza kuizungukia kwa mifano ya wanafalsafa, wale wanaomsimamisha mtu kando ya reli aamue treni ikanyage watano au mmoja. Sitafanya hivyo. Watu wa mifano ile hawana watoto wanaowasubiri nyumbani, hawana deni dukani, na treni ikishapita hakuna anayekuja kudai fidia. Nitachukua kisa kimoja kilichotokea kwetu, Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, Nairobi na Dar es Salaam, na nitawaomba tukitazame polepole kuliko tulivyozoea.

Nairobi kwanza. Saa nne na nusu hivi asubuhi, lori dogo aina ya Toyota Dyna lilifika upande wa nyuma wa ubalozi wa Marekani, kwenye kona ya Moi Avenue na Barabara ya Haile Selassie. Mlinzi wa geti, Mkenya, alikataa kuinua kizuizi. Mmoja wa wale wawili waliokuwa ndani ya lori, Msaudi aitwaye Mohamed al-Owhali, akashuka, akarusha bomu la mkono la kishindo, kisha akatimua mbio. Milio ya risasi ikasikika. Watu wa ofisi za jirani wakafanya ambalo mimi na wewe tungelifanya: wakaacha meza zao wakakimbilia madirishani kuchungulia kulikoni. Ndipo mzigo wenyewe ulipolipuka, na vioo vikawaingia usoni. Ndiyo maana Nairobi ilipata vipofu wengi kiasi kile kwa asubuhi moja. Hawakuponzwa na ujasiri wala uzembe. Waliponzwa na udadisi, jambo ambalo hakuna sheria duniani inayoliadhibu.

Walikufa watu 213. Wamarekani walikuwa 12. Waliokuwamo kwenye orodha ya mishahara ya ubalozi walikuwa wachache; sehemu kubwa kabisa ya marehemu hawakuwa na lolote na ubalozi ule zaidi ya kuwa karibu nao. Jengo la Ufundi lililokuwa ubavuni, ambamo mlikuwa na chuo cha uhazili, liliporomoka lote. Basi lililokuwa likipita na abiria wake lilikumbwa. Majeruhi walizidi 4,000. Mwanamke mmoja alikwama chini ya kifusi cha Ufundi, na kwa siku kadhaa nchi nzima ilimwombea kwa jina lake. Waokoaji walipomfikia alikuwa amekwisha kufa.

Dar es Salaam, dakika chache baadaye, lori jingine lilifika kwenye geti la ubalozi kule Oysterbay. Halikuweza kuingia, kwa sababu boza la maji lilikuwa limetangulia hapo getini, na boza lile likabeba sehemu kubwa ya kishindo. Walikufa watu 11. Mmarekani hakuwamo hata mmoja. Shambulio lilitangazwa kuwa ni dhidi ya Marekani, na orodha ya marehemu wa Dar haina Mmarekani.

Sasa turudi kwa al-Owhali, maana alinusurika. Alikuja Nairobi akiwa tayari kufa, akakimbia, akaumia, akakamatwa. Mwaka 2001, katika kesi iliyosikilizwa New York, ofisa wa FBI aliyemhoji aliieleza mahakama mambo mawili aliyoambiwa naye. Nimeyafikiria mambo hayo kwa muda mrefu kuliko mengine yote ya kesi ile.

La kwanza ni sababu ya kukimbia. Al-Owhali alisema kazi yake ilikuwa kuliwezesha lori lifike karibu. Ilipokwisha, kubaki pale na kufa kusingekuwa kufa kishahidi tena. Kungekuwa kujiua, na kujiua ni haramu. La pili ni saa. Ilichaguliwa Ijumaa, kati ya saa nne na nusu na saa tano asubuhi, kwa hesabu kwamba Waislamu wanaoshika dini watakuwa msikitini.

Hebu tuanze na hili la saa, kwa kuwa ni jepesi. Yeyote aliyewahi kukaa Nairobi anajua kwamba saa nne na nusu hakuna swala ya Ijumaa. Muumini wa saa hiyo yuko kazini, benki, dukani au ndani ya matatu; msikitini ataingia baada ya adhuhuri. Waliopanga jambo hili walikuwa wamekaa Afrika Mashariki miaka, wengine walioa huku. Hawakushindwa kujua adhana inatolewa saa ngapi. Kwa hiyo sioni kuwa hesabu ile ilikusudiwa kumwokoa mtu yeyote. Ilikusudiwa kumpa mpangaji cha kujiambia.

Hata hivyo, ndani yake mna ungamo kubwa. Anayechagua saa ili fulani wasiwepo amekwisha kukiri kwamba wapo watu wasiostahili kudhurika. Hakusema wote ni adui. Alijua kuna asiye na hatia. Alichofanya ni kupunguza mduara mpaka wakabaki ndani yake wale tu anaowahesabu kuwa wake, kisha nao akawafanyia hesabu ya uongo. Uzito uleule wa dhamiri upo kwenye suala la kujiua. Mtu huyu aliisoma sheria ya nafsi yake kwa makini ya kadhi: mpaka hapa ni halali, hatua moja mbele ni haramu. Kuhusu waliokuwa wanakimbilia madirishani hakuuliza swali hata moja. Tumezoea kusema kwamba wauaji wa namna hii hawana dhamiri. Ningependa iwe hivyo, ingekuwa rahisi zaidi kuwaelewa. Dhamiri alikuwa nayo, kali kabisa. Iliishia kwenye ngozi yake.

Katika kesi hiyohiyo, shahidi mwingine, Jamal al-Fadl, aliyewahi kuwa mwanachama wa al-Qaeda kabla ya kutoroka, alieleza jinsi viongozi walivyowafundisha vijana kuhusu wapita njia. Waliitumia fatwa ya Ibn Taymiyya, mwanachuoni wa zama za uvamizi wa Wamongoli. Kwa maelezo ya al-Fadl, somo lilikuwa hili: mkimwua mtu aliyekuwa karibu na mnayemlenga, msihuzunike, akiwa mwema ataingia peponi, akiwa mwovu atakwenda motoni.

Msiicheke hoja hii. Ina nguvu yake, na siyo ya dini tu. Kila anayedhuru wasio na hatia hutafuta njia ya kusema kwamba madhara hayo si madhara hasa. Mmoja atasema marehemu wamepelekwa peponi, mwingine atasema wamekufa kwa ajili ya uhuru wa kizazi kijacho, wa tatu atasema takwimu za jumla zimeboreka. Mbinu ni ileile. Kinachochukuliwa kutoka kwa mtu hulipwa kwa sarafu ambayo yeye hakuiomba, mahali ambapo hawezi kwenda kudai kwamba hakulipwa.

Fiqhi yenyewe haikuwa nyepesi hivyo. Imamu Ghazali, karne mbili hivi kabla ya Ibn Taymiyya, alilijadili tatizo la adui anayejikinga kwa mateka Waislamu. Aliruhusu kushambulia, lakini kwa masharti yanayokaribia kuufunga mlango wote: hatari iwe ya umma mzima, si ya kundi, iwe ya hakika, si ya kudhaniwa, na isiwepo njia nyingine kabisa. Fikirini jeshi limezingirwa na taifa lote linakaribia kuangamizwa. Halafu weka pembeni karani wa Ufundi anayepiga chapa barua asubuhi ya Ijumaa. Hakuna aliyekuwa anajikinga kwake. Hakuna umma uliokuwa unaangamia kwa sababu ya basi la Haile Selassie. Vijana wale walipewa ruhusa wakafichwa masharti.

Lakini kasoro iliyo chini zaidi ni kwamba pepo ni ya Mungu kumpa amtakaye. Haikuwekwa mikononi mwa mwenye lori. Waislamu na Wakristo mliomo humu mnamkumbuka Ibrahimu alivyojadiliana kuhusu watu wa Lutu. Alibishana kabla ya adhabu kushuka. Hakusubiri mji uungue ndipo ajifariji kwamba wema wao wako mahali pazuri.

Hapa ndipo ninaposimama kuhusu mtu asiye na hatia. Tunapomzungumzia huwa tunampamba. Tunamfanya mtoto, au bibi kizee, au mwanafunzi mwenye vyeti vizuri. Magazeti ya wiki ile yalijaa picha za namna hiyo, na ni haki kuomboleza. Lakini ndani ya basi lile huenda alikuwamo kibaka. Huenda alikuwamo mume anayempiga mkewe, au mtu aliyekula fedha za chama. Hao nao walikuwa hawana hatia, sawasawa na yule mwanafunzi, kwa sababu kinachohusika ni ugomvi uliokuwa ukipiganwa pale, na katika ugomvi ule wao hawakuwamo. Usafi wa maisha yao hauingii. Tukianza kudai usafi, tutamwachia muuaji kazi nyepesi sana: atafute doa. Na doa halikosekani kwa mtu yeyote aliyekwisha kuota ndevu.

Vipi kuhusu waajiriwa wa ubalozi, Wakenya na Watanzania? Wapo waliosema, na wengine walisema misikitini na vijiweni kwa sauti ya chini, kwamba aliyekula mshahara wa Marekani alijua anakula na nani. Karani wa viza hakurusha kombora popote. Akihesabiwa askari, basi na muuza mboga wa soko linalolisha kambi ni askari, na mlipa kodi ni askari, na Osama bin Laden, kiongozi wa al-Qaeda, alikwisha kufika huko: Mei 1998 alimwambia mwandishi wa televisheni ya Kimarekani kwamba katika fatwa yao hawatofautishi raia na mwenye sare. Alikuwa na msimamo usioyumba, hilo nampa. Tatizo ni kwamba kwa msimamo huo hakuna aliyebaki nje ya vita, hata mama yake.

Sasa tuvuke upande wa pili, ambako wengi hatupendi kwenda katika kumbukumbu za Agosti.

Tarehe 20 Agosti 1998, siku 13 baada ya milipuko, Marekani ilirusha makombora Afghanistan na Sudan. Sudan yalipiga kiwanda cha dawa cha al-Shifa, Khartoum Kaskazini, kilichokuwa kikitengeneza sehemu kubwa ya dawa za nchi ile, za malaria zikiwemo. Sababu iliyotolewa ilikuwa sampuli ya udongo uliochukuliwa karibu na kiwanda, iliyosemekana kuwa na kemikali inayotumika kutengeneza gesi ya sumu. Ushahidi wa kuthibitisha kwamba kiwanda kilitengeneza silaha haukuwekwa wazi. Mwaka uliofuata Marekani iliachia akaunti za mwenye kiwanda ilizokuwa imezizuia. Kwenye kiwanda chenyewe, taarifa zinasema alikufa mlinzi. Waliokosa dawa katika miezi iliyofuata hakuna aliyewahesabu.

Je, hili na la Nairobi ni sawa? Nitasema hapana, na nitasema kwa nini, kwa sababu siku hizi kusawazisha kila kitu kumekuwa fasheni. Yule wa Nairobi alikuwa na haja na vifo. Bila vifo vingi shambulio lake lingekuwa limeshindwa. Aliyerusha kombora al-Shifa angefurahi kama jengo lingekuwa tupu kabisa. Waliagiza lipigwe usiku. Tofauti ya kukusudia na kutazamia tu ni tofauti ya kweli, na sheria za vita zimejengwa juu yake.

Lakini tofauti hiyo ina gharama yake, na hapa wakubwa hawapendi kulipa. Anayesema “sikukusudia” anajitwika mzigo: aoneshe alichunguza kiasi gani kabla, na ajibu baada ya kukosea. Mtu akigonga mtoto barabarani hatuishii kumwuliza kama alikusudia. Tunamwuliza alikuwa kasi gani, taa ziliwaka, na kwa nini hakusimama. Mwenye kiwanda alikwenda mahakamani Marekani kudai. Mwaka 2010 mahakama ya rufani ya Washington iliikataa kesi kwa hoja kwamba uamuzi wa rais wa kushambulia ni suala la kisiasa, si la majaji kulipima. Haikusema kiwanda kilikuwa na silaha. Ilisema swali hilo haliulizwi hapo. Basi kama haliulizwi hapo, na kwenye nchi iliyopigwa haliwezi kuulizwa, neno “sikukusudia” halimgharimu anayelitamka hata senti.

Naitofautisha hiyo na mahakama nyingine, ili tusije tukaondoka hapa tukidhani haki haiwezekani. Khalfan Khamis Mohamed, Mtanzania aliyehusika na bomu la Dar, alikimbilia Cape Town akapata kazi kwenye mgahawa. Mwaka 1999 alikamatwa na kukabidhiwa haraka kwa Wamarekani. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitamka kwamba kumkabidhi vile kulikuwa kinyume cha katiba, maana serikali haikudai kwanza ahadi kwamba hatahukumiwa kifo. Alikuwa tayari New York kizimbani.   Wazee wa baraza hawakuafikiana juu ya kifo, na akafungwa maisha. Naye Ahmed Ghailani, wa Zanzibar, aliyeshtakiwa kwa milipuko ileile, mwaka 2010 wazee wa baraza walimwona hana hatia katika mashtaka zaidi ya 280, wakamtia hatiani kwa moja tu, naye akafungwa maisha. Watu walikasirika sana. Mimi naona mahakama isiyoweza kumwachia mtu hata shtaka moja haijui tofauti ya mwenye hatia na asiye nayo, na kama haijui, hukumu zake zote ni bahati.

Kwetu tulifanyaje? Aprili 2014, baada ya mashambulio kadhaa, polisi wa Kenya waliendesha operesheni ya Usalama Watch. Maelfu walizolewa Eastleigh, wengi wao Wasomali, Wakenya wakiwemo, na wengi wakapelekwa uwanja wa michezo wa Kasarani kukaguliwa vitambulisho. Sikatai kwamba dola ina wajibu wa kumtafuta mhalifu. Ila pale Kasarani mtu alianza akiwa mkosaji na kazi ya kujisafisha ikawa yake. Na tuna methali inayosaidia sana kazi hiyo, ya samaki mmoja kuoza na kuozesha tenga zima. Samaki hawana mahakama. Inafaa sokoni, ibaki sokoni.

Nimeacha fidia mwisho, kwa sababu ndiko mpita njia anakopotea mara ya pili.

Sudan ilimpa bin Laden hifadhi kati ya 1991 na 1996, na mahakama za Marekani zikaona inawajibika kwa milipuko ya 1998. Mwaka 2020 yalifikiwa makubaliano: Sudan ilipe dola milioni 335, na jina lake liondolewe kwenye orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi. Tazameni nani analipa. Omar al-Bashir, mtawala wa Sudan wa miaka hiyo, aliangushwa Aprili 2019 baada ya wananchi kusimama barabarani kwa miezi. Hao walioangusha dhalimu ndio waliorithi bili yake, wakiwa nchi isiyo na fedha ya mkate. Aliyekuwa na miaka minne wakati al-Shifa inapigwa alikuwa sasa anachangia deni la milipuko ya mwezi uleule.

Halafu tazameni nani analipwa. Kwa viwango vilivyotangazwa, familia ya mwajiriwa wa serikali ya Marekani aliyekuwa raia wa nchi hiyo na kufa katika milipuko ile ilikadiriwa dola milioni 10. Ya mwajiriwa asiye raia, dola 800,000. Bomu lilikuwa moja, ofisi ileile, pengine meza mbili zinazotazamana.

Na abiria wa basi? Na wanafunzi wa uhazili? Sheria ya Marekani inayoruhusu kuishtaki nchi iliyofadhili ugaidi humpa haki hiyo raia wa Marekani, mwanajeshi wake, mwajiriwa wake au mkandarasi wake. Mpita njia wa Nairobi si yeyote kati ya hao. Hakuwa upande wowote katika ugomvi, na kwa sababu hiyohiyo iliyofanya kumwua kuwe uovu, hakuwa na pa kusimama mahakamani. Angekuwa ameajiriwa na upande mmojawapo angehesabika.

Nasikia mara nyingi kwamba hilo ni kosa la Wamarekani. Sheria ni yao na wanatunza watu wao. Kila dola hufanya hivyo, au inapaswa. Aliyetakiwa kumhesabu abiria wa basi ni serikali yake. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa mwaka 2014, yenye mfuko ndani yake, miaka 16 baada ya milipuko. Kila Agosti viongozi wetu huweka mashada kwenye bustani iliyojengwa pale ubalozi uliposimama, na majina yamechongwa ukutani. Mwenye jina pale aliacha watu, na wapo waliotoka wazima wa mwili bila macho, ambao leo wana umri wa kustaafu kazi ambazo hawakuzifanya tena tangu siku ile. Swali la nani anawadai nini, na kwa sheria ipi, na kutoka fungu gani la bajeti, lina majibu yanayoweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Katika ukumbi huu naona wabunge wawili na mawakili kadhaa. Ningependa maswali yaanze na wao.